Muulize Fundi: Redio ya Babu Isichomekwe Kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Babu yetu alifariki mwaka jana hapa Makorora, akaacha redio kubwa ya mbao, Grundig ya Kijerumani, yenye vibonye kama meno ya piano na kitaa cha kijani ambacho utotoni tuliambiwa ni jicho la jini. Aliinunua kwa Mgiriki wa shamba la mkonge upande wa Muheza, mashamba yalipotaifishwa 1967 naye akawa anafungasha. Mimi ndiye niliyekaa na babu miaka yake ya mwisho, basi shangazi akasema, "Chukua wewe." Sasa kaka yangu amepata mtu wa kuinunua kwa shilingi 80,000. Na fundi simu mmoja ananiambia atatoa takataka zote za ndani, aweke Bluetooth na mahali pa flashi, libaki boksi tu. Mimi natamani niisikie kama alivyokuwa akiisikia babu, ila naogopa hata kuichomeka. Nifanyeje? – Mjukuu, Makorora.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Huo uoga wako usiuache. Redio iliyolala miaka haichomekwi kwenye umeme kwa kujaribu. Ndani mna kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda, za karatasi iliyotiwa nta, na unyevu wa hapa kwetu Tanga unaziingia kama unavyoingia chumvi ya jikoni. Zikishaloa zinavujisha umeme. Valvu ni zile taa za kioo za ndani. Iko kapasita moja kabla ya valvu ya mwisho, ile inayosukuma spika: kapasita hiyo ikivuja, valvu inachemka, na transfoma ya spika inaungua nayo. Grundig nyingi za miaka ya 1950 zina pia kibati cha seleniamu cha kugeuza umeme wa AC kuwa DC. Kikiungua kinatoa moshi wa sumu unaonuka kama mayai viza, nyumba nzima mtakimbia. Kwa hiyo atakayekuja na "tuichomeke tu tuone", mpe chai, anywe, aende zake.

Kabla ya bisibisi, kuna mirathi. Shangazi amesema chukua, lakini amewasemea na wenzake? Babu akiacha watoto, kwa kawaida hao wanatangulia wajukuu kwenye mali. Wewe na kaka yako ni wajukuu, huenda mnagombania cha watu. Waombe wakae, hata kwa simu, wakuachie kwa radhi na kaka yako akisikia. Siongei hewani. Kibandani kwangu Ngamiani redio moja ilikaa miaka miwili ikiwa imeshapona, kwa sababu ndugu wawili kila mmoja alinikataza nisimpe mwenzake. Nikawa naipangusa vumbi mimi, na hela ya kazi sikuiona.

Huyo wa 80,000 mwache apite.

Fundi simu simlaumu, kwani nami niliwahi kuitoa redio matumbo. Niliweka amplifaya ya gari, ikapiga mtaa mzima ukajua. Miezi minane baadaye ile amplifaya ikafa, na valvu nilikuwa nimeshawapa watoto wachezee. Mwenyewe akabaki na kabati la kuwekea funguo. Ya babu yako ilikaa na mkulima wa mkonge, ikakaa na babu, na huenda hata sasa inadai kapasita kumi na tano tu. Valvu ndizo watu hukimbilia kuzilaumu, na mara nyingi ndizo nzima. Hata ile valvu iitwayo EL84, ukiikuta humo, bado inatengenezwa hadi leo kwa ajili ya amplifaya za magitaa. Lile jicho ndilo la kuhurumia: hufifia kwa umri, na la kubadilisha ni ghali. Likiwa hafifu liache hivyo hivyo, redio inaimba bila jini.

Sasa nikwambie ukweli kuhusu kuisikia kama babu. Yeye alikuwa akikaa saa mbili usiku kusubiri taarifa ya habari ya Radio Tanzania kwenye masafa ya kati au mafupi, na matangazo ya vifo mnanyamazishwa wote. Stesheni mnazosikiliza ninyi leo ziko FM. Bonye lenye herufi U ni FM ya Kijerumani, lakini kwa redio za wakati ule inaishia 100, na zetu zinapanda mpaka 108. Kwa hiyo utapata baadhi, nyingine hutazipata kabisa, na hilo si kosa la fundi. Ila tazama nyuma: pana matundu yenye alama ya sahani ya santuri. Hapo unaweza kuunganisha simu kwa waya, ukawapiga wanamuziki wetu wa zamani wa Tanga, Atomic Jazz au Black Star, kupitia spika ileile. Hiyo ndiyo Bluetooth yako. Lakini fundi ahakikishe kwanza kwamba redio ina transfoma ya umeme. Ziko za zamani zisizo nayo, chuma chake cha ndani kimeshikana na umeme wa ukutani moja kwa moja, na hizo usiziunganishe na simu kabisa.

Fundi utakayempa muulize swali moja: utaiwashaje mara ya kwanza? Akisema umeme wake ataupitisha kwanza kwenye balbu ya nyuzi ya wati 60, si LED, kaa umsikilize. Balbu ikiwaka kwa nguvu na isififie, ndani mna shoti, naye atazima kabla hakijaungua kitu. Kapasita mpya za kushika nafasi ya zile za karatasi ziwe za volti 630. Kichaguzi cha nyuma kikiwa na 220 na 240, aweke 240, maana umeme wetu ni 230 na siku nyingine unapanda wenyewe. Wewe usitie mkono ndani hata kama umechomoa, kwani humo hukaa zaidi ya volti 200 zikikusubiri.

Mbao usiipige msasa. Vinia yake, ile ngozi ya juu ya mbao, ni nyembamba kuliko ukucha. Kitambaa kibichi kidogo, kisha kikavu, basi. Na ile alama ya kikombe ambayo lazima ipo juu, iache. Kioo chenye majina ya miji kipanguse upande wa nje tu! Maandishi yamepakwa kwa ndani na yanatoka kwa maji. Nilimfutia mteja mmoja kuanzia Roma mpaka Luxembourg kwa pamba yenye sabuni, nikiona nafanya usafi.

Wakishakuachia, njoo nayo Ngamiani, nitaifungua ukiwepo. Usiilete kwa bodaboda. Chukua bajaji, uipakate, kioo kielekee tumboni kwako, na vile vibonye ukavifunge kwa khanga kabla hujatoka nyumbani.