Jibu: Kutafuta ndani ya kurasa na picha ulizohifadhi

Ndugu, umeuliza kwa nini kompyuta yako haipati maelezo ya kilimo cha zabibu cha Makutupora na Hombolo, kule Dodoma, ilhali unajua uliyahifadhi, mengine kama kurasa za mtandao na mengine kama picha za skrini. Sababu ni kwamba picha, hata ikijaa maandishi, kwa kompyuta ni rangi tupu mpaka programu ya kutambua herufi iisome. Programu moja ya aina hiyo ni Tesseract, ambayo hutolewa bure na ina data ya Kiswahili unayoipakua kando kwa msimbo "swa", husoma vizuri picha za skrini; karatasi iliyopigwa picha kwa simu kwenye mwanga hafifu huisumbua sana.

Kwa utafutaji wenyewe ningependekeza programu ya Recoll, ambayo hutengeneza faharasa, yaani orodha ya maneno yaliyomo na mahali yalipo, ya kurasa, faili za PDF na, ukiiunganisha na Tesseract, picha pia. Faharasa hiyo hukaa ndani ya kompyuta yako, hivyo utatafuta hata mtandao ukikatika. Ila hifadhi kurasa nzima, si anwani zake tu.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba Recoll haielewi viambishi vya Kiswahili, kwa hiyo ukiandika "kilimo" hutapata "wakulima". Andika *lim*, yaani nyota pande zote mbili, ingawa utafutaji wa namna hiyo huenda polepole zaidi na utakuletea pia walimu na milima, ambao kwa maoni yangu ni usumbufu unaovumilika.