Kabla ya kutuliza picha, pandeni boti

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kamera za doria, nianze na kosa lililonipotezea wiki nzima. Nilikuwa nimeandika programu ya kutuliza picha za kamera iliyofungwa kwenye boti. Mezani ilifanya kazi vizuri sana. Baharini, wakati wa kusi, picha ikatoka inayumba vilevile kama ilivyoingia, na programu ikasisitiza kwamba kamera haijasogea hata pikseli moja. Nilikagua hesabu usiku kucha, na hesabu haikuwa na tatizo.

Kumbe kilichoniponza ni tarehe na saa zilizoandikwa kwenye kona ya picha. Programu ya namna hii hutafuta pembe kali katika fremu moja, huzifuata katika fremu inayofuata, kisha hukadiria kamera imeelekea wapi. Juu ya maji ya kijivu hakuna pembe kali kuzidi za tarakimu nyeupe, na tarakimu hizo hazibanduki mahali pake. Vyuma vya gubeti vilivyochungulia chini ya picha navyo viliziunga mkono, maana vinakwenda pamoja na kamera. RANSAC, ile njia ya mwaka 1981 tunayoitegemea kuwatupa nje waongo, yaani nukta zinazodanganya kuhusu mwendo wa kamera, husikiliza walio wengi. Siku ile waongo ndio waliokuwa wengi.

Kwa hiyo funikeni kwanza maandishi yote na kila kipande cha chombo kinachoonekana. Maji pia msiyaamini, kwa sababu mawimbi yana mwendo wao. Shikeni mikoko, minara, majengo ya pwani. Pwani ikipotea, tegemeeni jiroskopu, kifaa kinachopima mzunguko wa chombo, ila hakikisheni saa yake inalingana na ya kamera: boti ikizunguka digrii 10 kwa sekunde, kuchelewa kwa fremu moja tu ya milisekunde 40 kunawapa kosa la digrii 0.4.

Sasa suala la shata, kile kilango cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, ambalo wageni wengi hulipuuza, nami linaniuma. Chukueni lenzi inayoona upana wa digrii 60 na picha ya pikseli 1920. Kila digrii ina pikseli 32. Boti ikienda mrama kwa digrii 10 kwa sekunde, shata ikiwa wazi kwa sehemu 1 ya 50 ya sekunde, kila nukta inapakazwa kwenye pikseli 6 hivi. Inavumilika. Halafu vuteni lenzi hadi digrii 2 ili msome jina la chombo cha mbali: mpako unafika pikseli 192. Jina limeshafutika ndani ya fremu yenyewe, na kuzipanga fremu vizuri hakutalirudisha. Hata kwa sehemu 1 ya 1000 bado ni karibu pikseli 10. Kwa lenzi ndefu daini kishikizo chenye mota kinachoigeuza kamera kinyume cha chombo, na msikubali kuambiwa programu inatosha. Usiku mambo ni magumu zaidi, kwani shata ya haraka inataka mwanga.

Kuna na injini. Inayozunguka mara 1800 kwa dakika hutetema mara 30 kwa sekunde. Kamera ya fremu 25 kwa sekunde haiwezi kuuona mtetemo huo kama ulivyo, inauonyesha kama yumbo la taratibu la mara 5 kwa sekunde. Niliwahi kulihangaikia yumbo hilo kwenye programu, nikidhani ni bahari. Mwombeni nahodha azime injini mwelee dakika mbili. Yumbo likikoma, kazi yenu iko kwenye boliti na raba za kishikizo.

Jambo la mwisho ni nani anayeitazama picha. Ulainishaji, yaani kuusawazisha mwendo wa kamera uliokadiriwa ili picha isirukeruke, ukisubiri fremu 15 zijazo unachelewesha picha kwa sekunde 0.6. Kwa anayepitia rekodi ofisini si kitu, ila nahodha anayekifukuza chombo kwa kutazama kioo anaona yaliyokwisha kupita. Yeye mpeni ulainishaji hafifu unaotumia fremu zilizopita tu. Na kwa kuwa kutuliza hukata kingo na kubuni pikseli upya, rekodi asili ihifadhiwe bila kuguswa: siku kesi ikifika mahakamani, hiyo ndiyo itakayoulizwa.