Maswali ya tairi za baskeli: punguzeni upepo kwanza

*Naishi Mambrui, njia ni mchanga mtupu. Ninunue tairi ya meno makubwa?*

La, ndugu yangu. Mchanga haukamatwi na meno, meno marefu yachimba tu na gurudumu la mbele lazama. Kinachokubeba ni upana na upepo mdogo, chukua tairi ya inchi 2.25 au 2.4 kama fremu yaingiza, meno mafupi, ushushe upepo mpaka psi (kipimo cha upepo) 20 na kitu, ukifika lami ujaze tena. Na hapa niseme tena, watu Malindi wapeleka baskeli kituo cha mafuta wanajaza mpaka 60 eti ngumu ndo nzuri, halafu waja kulalamika mikono yauma na baskeli yateleza. Namba iliyoandikwa ubavuni ni mwisho wa upepo, si kiasi cha kujaza! Mtu wa kilo 70, tairi 2.2 yenye tyubu, njia ya maramu, psi 28 hadi 32 yatosha, nyuma zidisha kidogo. Ila kwenye mawe usishuke sana, tyubu hubanwa na rimu ikatoboka matundu mawili sambamba. Nunua pampu yenye geji, kufinya kwa kidole si kupima.

*Tairi gani ndo bora?*

Swali hili laja kila mara na silijibu. Sema njia, saizi na uzito wako.

*Rimu yangu ni 28 ya baskeli ya Black Mamba, tairi ya 29 itaingia?*

Haitaingia. Ile 28 x 1 1/2 ni milimita 635 kupima kipenyo pale tairi inapokaa kwenye rimu, 29 ni 622, yaani 29 ndo ndogo. Hata 26 x 1.75 (559) na 26 x 1 3/4 (571) haziingiliani. Fundi akianza kulazimisha kwa bisibisi mnyang'anye tairi yako. Soma milimita ubavuni kabla hujatoa pesa.

*Twapita msitu wa Arabuko-Sokoke, miiba yatumaliza.*

Wekeni tyublesi, yaani tairi isiyo na tyubu, na dawa ya maji ya kuziba matundu, lakini joto letu laikausha, ongezeni kila miezi miwili mitatu. Kama ni tyubu na vali yake yafunguka kiini cha kati, tieni dawa humo humo. Na msiingie peke yenu jamani, mle mna ndovu, pitieni ofisini langoni muulize wako upande gani.

*Mvua ikinyesha, njia ya Marafa tope lajaa kwenye fremu.*

Tairi ya 2.1 au chini, ibaki nafasi kwenye fremu, meno marefu yaliyoachana. Na udongo ukiwa mbichi usikate shambani kwa watu, unawachimbia mitaro.

*Mimi ni lami tu, mjini.*

Tairi laini 1.5 hadi 1.75, hapo psi 50 ruhusa.

*Mbele na nyuma tairi tofauti yafaa?*

Yafaa sana. Yenye kushika zaidi mbele, nyepesi nyuma, na ile iliyolika usiihamishie mbele hata siku moja, nyuma ikiteleza waweza kuiokoa, mbele ikiteleza uko chini. Mshale wa ubavuni, unaoonyesha tairi izunguke upande gani, pia uangalie mwenyewe, mafundi wengi hawauangalii.