Ajenti wako asikukaririe faida ya kusteki, mwagize akaiangalie

Juzi jamaa yangu kaniuliza kama inafaa kumpa ajenti wa AI (programu unayoiuliza na kuipa zana ikufanyie kazi) kazi ya kumfuatilia faida za kusteki kripto, yaani kuzifungia sarafu zako zisaidie kuendesha mtandao wake nao ukulipe, nikamwambia inafaa sana tu, ila kaa chini kwanza maana mi nimeshaumbuka na hiyo kitu, tena kwa uzembe wangu mwenyewe. (Naita faida, sio riba, huo mjadala tuwaachie mashehe.)

Mwanzo nilimuuliza ajenti tu hivi hivi, kusteki ETH, sarafu ya mtandao wa Ethereum, sa hivi inalipa asilimia ngapi. Akajibu fasta, 5 na kitu. Nikapiga hesabu ya mwaka mzima nikaanza kujiona bosi, kumbe namba kaitoa kichwani, kwenye maandishi ya zamani aliyofundishiwa, maana 2023 ilifika huko kweli ila baadaye ilishuka ikawa inazungukia 3. Na hii namba huwezi kuikariri bana, Ethereum tangu iachane na uchimbaji wa sarafu kwa kompyuta Septemba 2022 inawalipa wanaosteki kwa namna ambayo wakiongezeka fungu la kila mmoja linapungua, juu yake kuna tipu za miamala ambazo leo nyingi kesho hamna kitu.

Basi nikaandika kizana kidogo, ajenti akiulizwa anakiita, kinaenda kwenye API (mlango wa programu kuchukulia data) ya DefiLlama, tovuti ya takwimu za kripto, ambayo orodha yake ya faida ni bure na haitaki hata kujisajili, kinarudi na namba. Siku hizi ni rahisi, tangu kampuni ya AI ya Anthropic itoe MCP, utaratibu wa pamoja wa kuunganisha zana na programu za AI, Novemba 2024 ukishaandika zana moja unaichomeka kwenye programu nyingi bila kuandika upya. Toleo la kwanza likarudisha orodha yote, maelfu ya mapuli (vyungu vya pamoja watu wanavyoweka kripto zao walipwe) kwa mkupuo, ajenti akavimbiwa akaanza kuchanganya majina, na bili ya AI ikapanda. Chuja ndani ya zana: taja tokeni (yaani sarafu), taja mtandao wake wa kripto, weka kiwango cha chini cha pesa iliyomo kwenye puli, rudisha mistari mitano inatosha.

Hicho kiwango cha chini usikiruke. Mi nilisema tu niletee inayolipa zaidi, akaniletea ya asilimia 40 yenye vijisenti ndani. Na ukiangalia vizuri, DefiLlama wanatenganisha apyBase na apyReward, ya kwanza ndo faida yenyewe, ya pili ni tokeni za zawadi ambazo mradi unagawa kuvuta watu na zinaweza kuporomoka muda wowote. Zana yako irudishe zote mbili kando kando, isizijumlishe. Waliokuwepo Mei 2022 wanakumbuka Anchor, ya kuwekea pesa kule kwenye mtandao wa Terra, karibu asilimia 20 kwa mwaka, halafu UST, sarafu yake iliyotakiwa kubaki dola moja, ikapasuka na watu wakabaki na screenshot.

Sasa hapa ndo pameniuma kuliko pote. Siku moja API iligoma kujibu, zana yangu ikarudisha patupu, yaani haikusema imeshindwa, imerudi tu mikono mitupu. Unadhani ajenti alisema samahani sijapata? Thubutu! Alijaza mwenyewe, 3.4, na akaiandika kwa kujiamini kabisa kama katoka kuisoma sasa hivi, na mimi nikaihamishia kwenye lahajedwali yangu nikaendelea na maisha kama wiki mbili hivi mpaka nilipolinganisha kwa mkono ndo nikashtuka. Kwa hiyo ikishindwa irudishe maneno, IMESHINDIKANA, USIKADIRIE, hivo hivo kwa herufi kubwa. Na kila namba ije na chanzo chake, saa na tarehe iliyochukuliwa, isiyo na saa usiiamini.

Ukiongeza chanzo cha pili angalia vipimo, kimoja kinakupa 0.03 kingine 3 na vyote vinamaanisha kitu kile kile. Halafu kuna APR (faida ya mwaka bila kuirudisha kazini) na APY (ukiirudisha), asilimia 14 ya APR ukiirudisha kazini kila siku inakuwa kama 15 ya APY, sasa ajenti akilinganisha ya huku na ya kule anakudanganya bila kujua. Makato pia, Lido kwa mfano, wanaokustekia ETH yako, wanachukua asilimia 10 ya hiyo faida. Na siku za kusubiri kutoa: ATOM, sarafu ya mtandao wa Cosmos, ni siku 21, SOL ya Solana ni siku chache tu, mtu mwenye ada ya mtoto mwezi ujao hilo linamhusu kuliko hata asilimia yenyewe.

Funguo za walleti, pochi yako ya kripto, usimpe ajenti. Zana ya kusoma isome tu, maana majina ya mapuli na tokeni yanaandikwa na yeyote, mhuni anaweza kupachika humo maneno ya kumuamrisha ajenti wako ahamishe pesa, na ajenti hana hiyana, anatii tu.

Sa hivi wangu ananitumia meseji kila Jumatatu asubuhi, mistari mitatu, ETH, SOL na ATOM. Wiki iliyopita wa ATOM ulikuja umeandikwa "imeshindikana, jaribio la mwisho saa 12:04 asubuhi", nikaingia mwenyewe kuangalia nikiwa na chai mkononi, dakika mbili hazikuisha.