Kuishi Chuo-ku, Kobe: jibu kwa dada anayekwenda kusoma

Hongera kwa ufadhili, dada. Umeuliza kama Chuo-ku, wilaya ya katikati ya jiji la Kobe, inamfaa mwanafunzi Mwislamu asiyejua Kijapani. Inamfaa sana, ila kodi itakubana ukitaka chumba karibu na stesheni ya Sannomiya. Hapo ndipo reli za mji zinapokutana, pamoja na treni inayovuka maji hadi Port Island na uwanja wa ndege. Afadhali utafute Nada au Nagata, wilaya zisizo mbali, uwe unaingia mjini kwa treni.

Ibada na chakula visikutie wasiwasi. Msikiti wa Kobe ulifunguliwa mwaka 1935, wa kwanza nchini Japani, ukanusurika mabomu ya 1945 na tetemeko la Januari 17, 1995. Unafika kwa miguu kutoka Sannomiya, na maduka ya halali yako jirani.

Tetemeko lile liliua zaidi ya watu 6,000, kwa hiyo nakusihi uulize jengo lilijengwa lini. Kanuni za ujenzi zilikazwa 1981. La kabla ya hapo liache, hata likiwa rahisi. Uliza pia kuhusu reikin, fedha ya shukrani kwa mwenye nyumba, kwa sababu hairudishwi.

Kikwazo kikubwa kwa mgeni ni kupata mdhamini wa mkataba, yaani anayeahidi kulipa kodi ukishindwa. Kiandikie chuo chako sasa hivi, kabla hujakata tiketi, ukiulize kama kitakusaidia kumpata.