Utafiti wa uvimbe wa ubongo huanzia kwenye fomalini

Kijana wa Pwani mwenye shahada ya biolojia akitaka kutafiti jeni za uvimbe wa ubongo, huulizia kwanza mashine ya kusoma DNA. Mashine itapatikana, hata kama ni Nairobi au ng'ambo. Sampuli iliyoharibika kati ya chumba cha upasuaji na maabara haitengenezeki tena, kwa hiyo jifunze kuitunza kabla ya kujifunza kompyuta.

Fomalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, iwe ya asilimia 10 yenye bafa (chumvi za kuzuia asidi), pH karibu na 7. Isiyo na bafa hugeuka asidi inapokaa, na asidi hukatakata DNA. (Ya kuchanganya na maji ya kisima, ambayo Mombasa tunajua chumvi yake, hata usiiguse.) Ujazo wake uwe mara 10 ya kipande cha uvimbe. Huingia polepole, takriban milimita 1 kwa saa, basi kinachozidi unene wa milimita 5 kikatwe; la sivyo cha ndani kitaoza huku cha nje kimekauka. Muda wa kukaa humo ni saa 6 hadi 48. Upasuaji wa Ijumaa alasiri ndio mtihani, maana sampuli ikingoja Jumatatu muda umeshapita. Panga zamu ya Jumamosi.

Ukali huu una sababu. Kwenye nyama iliyokaa fomalini, baadhi ya sitosini (herufi C ya DNA) hupoteza kikundi cha amino na kugeuka urasili, na mashine husoma C kuwa T. Ukisoma uzi wa pili wa DNA, ni G kuwa A. Sasa tazama: R132H, badiliko mashuhuri la jeni ya IDH1 kwenye glioma (uvimbe wa seli zinazotegemeza neva za ubongo), ni G kuwa A kwenye nafasi ya 395 ya jeni hiyo! Sampuli mbovu yaweza kukuzulia lile lile unalolitafuta, na katika uainishaji wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2021 hilo ndilo linalotenga astrositoma na glioblastoma, aina mbili za glioma, kwa mtu mzima. Wengi hukimbilia kimeng'enya cha UDG, kinachoondoa urasili. Hapa usikitegemee sana. Sitosini ya nafasi hiyo, iliyo kwenye uzi wa pili, imefuatana na G, na sitosini za namna hiyo mara nyingi hubeba alama ya kemikali iitwayo methili. Ikipoteza amino hugeuka timini (T) moja kwa moja, na UDG haioni kasoro. Toa DNA upya kwenye kipande kingine, rudia kipimo, kisha paka slaidi kingamwili ya R132H, inayoshika protini yenye badiliko hilo. Kingamwili ni nafuu na huonyesha seli zenyewe. Ikikosa kushika, usifunge jalada: karibu moja kati ya mabadiliko 10 ya IDH kwenye glioma si R132H.

Mtaalamu wa patholojia akuzungushie kwa kalamu sehemu yenye uvimbe hai. Glioblastoma hujaa nyama iliyokufa. Tena badiliko hukaa kwenye nakala moja kati ya mbili, hivyo seli za uvimbe zikiwa asilimia 30, alama yake ni 15 tu, na mbinu ya Sanger ya kusoma DNA huanza kupofuka chini ya 20.

RNA itengewe kipande chake, kisichozidi nusu sentimita. Kitie kwenye RNAlater, kimiminika cha kuhifadhi RNA, angalau mara 5 ya ujazo wake, kilale usiku kucha kwenye nyuzi 4, kisha kiende friza ya nyuzi −80. Friza hilo likae chumba chenye kiyoyozi kisichozimwa, kwani joto la Mombasa huchosha kompresa, na vumbi la kichujio lisafishwe mara kwa mara. Stima ikikatika usifungue mlango. Kila sampuli igawe friza mbili zenye laini tofauti za umeme.

Kwenye daftari ziandikwe saa tatu: uvimbe ulipotolewa kichwani, ulipoingia fomalini, na ulipotoka. Msimamizi wa uzamivu anayejua kazi atauliza hizo kabla ya grafu zako.

Kuhusu vibali, kamati ya maadili ndiyo ya kwanza, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya. Majina ya wagonjwa yatengwe na namba za sampuli, kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, na isipelekwe asubuhi ya upasuaji. Uvimbe wenyewe huweza kuwa umeshavuruga uamuzi wa mgonjwa, basi mzungumze naye mapema, mkiwa na ndugu anayemwamini.