Kukasimu kazi si kumwachia mwenzako kiporo

Ukipewa usimamizi wa kitengo cha uhasibu kwa mara ya kwanza, utaambiwa usifanye kila kitu mwenyewe, ukasimu, yaani uwakabidhi wengine sehemu ya kazi. Ni kweli. Ila kuna tabia inayofanana na kukasimu kwa sura tu: kuiondoa kazi mezani kwako kwa sababu huna hamu ya kuianza.

Chukua PAYE, kodi ya mapato ambayo mwajiri huikata kwenye mshahara wa mfanyakazi. Nchini Tanzania, kodi iliyokatwa kwenye mishahara ya mwezi lazima ifike Mamlaka ya Mapato (TRA) si zaidi ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Anayekasimu humwita msaidizi kwenye tarehe 25, orodha ya mishahara ikiwa bado inaandaliwa. Humkabidhi majina ya walioajiriwa na walioacha kazi, posho zilizobadilika, na ritani (taarifa ya kodi) ya mwezi uliopita ya kulinganishia. Kisha husema: "Nataka kuiona tarehe 2. Ukikwama kwenye posho, muulize ofisa utumishi moja kwa moja, nimeshamwarifu." Anayeahirisha hutuma ujumbe tarehe 6 saa kumi jioni: "Naomba ushughulikie PAYE."

Huyo wa pili hajagawa kazi, amegawa lawama. Msaidizi hana ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa TRA, na hata akiipata namba ya malipo, mwenye kuidhinisha malipo benki ameshaondoka ofisini. Tarehe 8 adhabu na riba zinamwangukia mwajiri, na anayehojiwa ni kijana aliyepewa saa chache.

Mara nyingi kinachomfanya msimamizi aahirishe ni uamuzi mmoja mdogo uliofichika ndani ya kazi: je, posho hii mpya inakatwa kodi au haikatwi? Msaidizi hawezi kuuamua. Ukimpa kazi bila jibu hilo, itasimama palepale iliposimamia kwako, halafu irudi ikiwa imechelewa zaidi. Maliza uamuzi wako kwanza, hata kama utakula nusu saa, ndipo ukabidhi. Idhini ya malipo usimwachie msaidizi.

Kabla ya kukabidhi, jaribu kuandika sentensi tatu: kinachotakiwa, siku ya kukileta, na anachoruhusiwa kuamua bila kukuuliza. Zikikushinda, kazi hiyo bado hujaielewa. Fungua faili mwenyewe.

Na kama wewe ndiye unayekabidhiwa, uliza siku hiyohiyo: nani ataidhinisha malipo, na tarehe 5 na 6 atakuwepo?